Muulize Shangazi: Mlango wa fito 13

Safu hii huwa ni ya kontena, forodha na namna ya kupatana bei bila kununiana. Mwezi huu barua zimekuja za namna nyingine: milango, mitumbwi, chai, mzee aliyegoma kuondoa kiti chake. Nimefurahi. Niliishi Guangzhou, kusini mwa China, miaka 14 nikifanya ukalimani na kupakia mizigo ya watu, na miaka 6 kati ya hiyo nilipanga chumba cha juu kwa bibi mmoja wa Liwan, wilaya ya zamani ya mji huo, niliyemwita Popo, yaani "bibi" kwa Kikanton, lugha ya huko, kama watoto wa mtaa wake walivyomwita. Kwa hiyo kuhusu mji ule wa zamani nina upendeleo, msije mkasema sikuwaambia.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba Liwan, karibu na barabara ya Enning. Nyumba za vichochoro vya hapa zina mlango wa ajabu, fito nene zimelazwa moja juu ya nyingine, mtu akiwa ndani unamwona kama yuko kizimbani. Na hapo jirani kuna Yongqingfang, vichochoro vya zamani vilivyokarabatiwa, kila mtu anakwenda kupiga picha. Mwenzangu Mchina anasema pale ni maigizo tu, urithi wa kweli ulishabomolewa. Ni kweli? – Mwanafunzi, Liwan

Marahaba, mwanangu. Tuanze na mlango, hayo ya maigizo tutayafikia.

Nyumba ya zamani ya Xiguan haina mlango mmoja, ina mitatu. (Xiguan ni upande wa lango la magharibi, nje ya ukuta wa mji wa kale, walikojenga wafanyabiashara wenye fedha zao.) Mlango wa nje ni mfupi, umechongwa nakshi, kazi yake ni kuzuia macho ya wapita njia tu. Wa ndani kabisa ni ubao mzito wa kufungwa usiku. Huo wa katikati unaokushangaza unaitwa tanglong, nao hausukumwi, unateleza kwenda kando. Guangzhou ni joto na unyevu. Ubao mzito unaachwa wazi mchana kutwa, tanglong inafungwa, upepo unaingia na mwizi anabaki nje. Hesabu fito zake: huwa ni witiri. Za Popo zilikuwa 13.

Hayo ni ya mafundi. Kwa majirani tanglong ni sikio. Popo alikuwa anakaa nyuma ya fito akichambua mboga, na bila kuinua kichwa alimtaja kila apitaye kwa mlio wa kandambili zake. Nilipolala na homa siku mbili, jirani wa nyumba ya nne alikuja kugonga fito kwa ufunguo wa baiskeli. Hajasikia kandambili za yule msichana Mwafrika tangu juzi, kuna nini? Nilikuwa na miaka 41. Msichana!

Sasa Yongqingfang. Barabara ya Enning ilikatwa mwaka 1931, na majengo yake ya mbele ni yale yanayoitwa qilou: ghorofa ya juu imetokeza ikisimama juu ya nguzo, chini panabaki baraza ndefu ya kupita watu, mvua isiwapate wala jua lisiwachome. Nyuma ya qilou ndiyo vichochoro. Huko waliishi waigizaji wengi wa opera ya Kikanton. Chama chao, Bahe, kina jengo lake kwenye barabara hiyohiyo, namba 177, na nyumba ya baba yake Bruce Lee, ambaye naye alikuwa mwigizaji wa opera hiyo, imo ndani ya Yongqingfang yenyewe. Wafua shaba nao wapo, utawasikia kabla hujawaona.

Miaka ya 2007 hivi eneo liliingizwa kwenye mpango wa kubomolewa. Ikaanza kuonekana ile herufi ya chai, yaani "bomoa", imepakwa ukutani kwa rangi nyekundu na kuzungushiwa duara. Wako waliochukua fidia wakaondoka, wako walioandika barua kwa wakubwa, na wanafunzi wa vyuo, wenzako hao, walikuja kuhoji wazee na kuandika kumbukumbu zao. Sehemu kubwa ilishuka chini. Baadaye mpango ukageuzwa, wakasema sasa ni ukarabati mdogomdogo, na kampuni ikapewa eneo ilitengeneze na kuliendesha. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa 2016, mwaka uleule yalipofunguliwa makumbusho ya opera ya Kikanton hapo karibu. Oktoba 2018 Rais Xi Jinping alipita vichochoro hivyo, na kauli yake kwamba mji utengenezwe kwa ustadi wa mtarizi imekuwa wimbo wa kila ofisa.

Kwa hiyo mwenzako amekosea nusu. Matofali ya kijivu mengi ni yenyewe, na bila ukarabati ule huenda ungekuta maegesho ya magari. Lakini nenda pale saa 4 usiku, maduka yakishafungwa, uhesabu madirisha yenye taa na kamba zenye nguo. Mimi ndivyo ninavyopima, bango la urithi silisomi. Yule jirani wa ufunguo wa baiskeli alihamishiwa mbali, saa nzima kwa metro, na hakuna aliyemweka kwenye makumbusho.

Tena usije ukawa kama wale wanaolilia nyumba ambayo hawakuwahi kuziba paa lake. Kwa Popo tulikuwa tunatega ndoo 5 kila mvua za mwezi wa tano. Nyumba nyingi za vichochoro vile zina wenyewe lukuki: mrithi mmoja yuko Hong Kong, mwingine ng'ambo hajulikani ni mzima au la, na chumba cha nyuma kiko chini ya idara ya nyumba ya serikali, kina mpangaji aliyekirithi kwa baba yake. Ukitaka kubadilisha boriti moja tu unatafuta sahihi za watu ambao hawajaonana miaka 40. Boriti haisubiri.

Ukitaka kuona kilichobaki hai, nenda Lizhiwan siku ya kazi, si Jumamosi. Ule mfereji ulifunikwa kwa zege mwaka 1992 kwa sababu ya uvundo, ukafunuliwa tena 2010 kwa ajili ya Michezo ya Asia. Kandokando yake utakuta wazee wameleta vinanda vyao na viti vya plastiki wanaimba opera. Vikundi hivyo vya kujitolea vinaitwa si huo ju. Hakuna kiingilio. Atakayekosea noti atazomewa na mwenzake hapohapo mbele yako.

Shangazi, nimepanga ghorofa ya 8 Xiaobei, jengo halina lifti. Wenye nyumba wanataka kuijenga nje ya ukuta, lakini mzee wa chini kabisa ameweka kiti chake palepale panapotakiwa kuchimbwa msingi na haondoki. Juzi wameniletea karatasi nitie sahihi. Nitie? – Miguu Inauma

Usitie. Wewe ni mpangaji. Sahihi inayotakiwa ni ya mwenye nyumba wako. Ipige picha karatasi umtumie, basi.

Guangzhou imejaa majengo ya miaka ya 1980 na 1990 yenye ghorofa 7, 8 hata 9 bila lifti. Walioingia humo wakiwa vijana sasa wana miaka 75, na kushuka kununua mboga imekuwa safari. Kwa hiyo jiji linasukuma sana ujenzi wa lifti za nje. Sheria haidai wenye nyumba wote wakubali, inadai wengi wao, na jiji limetoa kielelezo cha kugawana gharama: ghorofa ya 3 ndiyo kipimo, inalipa 1, ya 2 inalipa nusu, ya 1 hailipi kitu, na kuanzia ya 4 kila ngazi inaongeza 0.1. Kumbuka Wachina wanahesabu ya chini kabisa kuwa ndiyo ya 1. Mwenye nyumba wako wa ya 8 atatoa mara moja na nusu ya anachotoa wa ya 3, na bila shaka atakumbuka hilo siku ya kuandika upya mkataba wako.

Na huyo mzee usimcheke. Hatoi fedha lakini anatoa dirisha lake: lifti ikisimama hapo jua halimfikii tena, na kelele za mashine ni zake usiku kucha. Nyumba za juu zitapanda bei, yake itashuka. Jengo nililohamia baadaye lilikuwa na ugomvi huohuo, ukachukua miaka 3, na haukumalizwa na mwanasheria. Ulimalizwa na mama wa ghorofa ya 6 aliyekuwa akishuka kila jioni na chupa ya chai kukaa na mgomaji wetu, mpaka siku moja yule mgomaji akasema lifti iwe ya vioo na isogezwe kidogo kushoto. Kumbe miaka 3 yote hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini.

Shangazi, mama mwenye nyumba amenialika "kunywa chai" Jumapili saa 1 asubuhi. Niende nimeshakula? – Mgeni wa Watu

Njaa uende nayo! Hiyo chai ya Kikanton ni mlo wa saa mbili au tatu. Vikapu vya mianzi vinakuja vimefukizwa moto, ndani vitu vidogovidogo vitatu vitatu, na birika haliondoki mezani.

Chai ya kwanza huinywi. Ni ya kuoshea vikombe, bakuli na vijiti, na maji yake yanamwagwa kwenye bakuli kubwa lililoko mezani. Mgeni mmoja niliyempeleka mimi aliinywa yote kwa adabu, meza nzima ikanyamaza. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa ncha za vidole viwili, ndiyo asante. Wanasimulia kwamba asili yake ni mfalme Qianlong aliyetembea kwa kujificha, watumishi wake wakainamisha vidole badala ya vichwa. Birika likiisha usipige kelele, acha kifuniko kimekaa upande, mhudumu ataona. Mhudumu akikuita leng neoi, "mrembo", usivimbe kichwa, anamwita hivyo kila mwanamke hadi Popo.

Kama huli nguruwe, sema kabla ya kuagiza. Siumai, vile vifuko vidogo vya unga, vina nyama yake, na hata keki nyingine zimekandwa kwa mafuta yake. Kamba waliofungwa kwenye unga mweupe wanaoonekana kwa ndani, yaani hagao, nao huwa na kipande cha mafuta hayo mara nyingi. Uliza, usiangalie rangi.

Atakupeleka wapi sijui. Taotaoju ya barabara ya Dishifu ipo tangu 1880 na wageni wanapanga foleni. Wazee wengi wanapenda mahali pa bei ndogo ambapo meza yao inajulikana. Popo alikaa meza ya karibu na jikoni miaka 20 na wenzake wanne. Mmoja alipofariki waliendelea kuagiza kikombe chake mpaka mwaka ukaisha. Bili mtaigombania. Utashindwa, lakini gombania.

Shikamoo Shangazi. Nimeona video ya watu Guangzhou wanachimba tope mtoni na kutoa mtumbwi mrefu, huku nyuma kuna maghorofa ya vioo. Waliuzika kwa nini? – Mtazamaji

Marahaba. Hapo umegusa ninachokipenda kuliko vyote katika mji ule.

Huo ni mtumbwi wa joka. Ile mikubwa ya vijiji ina urefu wa zaidi ya mita 30 na inabeba makumi ya wapiga makasia, mbao zake ni ngumu ajabu. Mbao hizo zikikaa juani zinapasuka. Kwa hiyo sikukuu ya mitumbwi hiyo ikiisha mtumbwi unazamishwa na kufukiwa kwenye tope la mfereji, hewa isiufikie, na unalala humo mpaka mwaka unaofuata. Kichwa cha joka hakizikwi, kinahifadhiwa nchi kavu, kwa kawaida kwenye ukumbi wa ukoo. Vijiji vingi vinauamsha siku ya 8 ya mwezi wa 4 kwa kalenda ya Kichina, fataki zinalia, vijana wanaingia tope hadi kiunoni, wazee wanaamrisha kutoka ukingoni. Siku ya 5 ya mwezi wa 5 ndiyo sikukuu yenyewe.

Maghorofa uliyoyaona ndiyo utamu wa habari. Guangzhou ilipopanuka haikuhamisha vijiji vyote, ilivizunguka. Kijiji cha Liede kipo tangu enzi za nasaba ya Song, na leo kimezingirwa na majengo ya mabenki ya mtaa mpya wa biashara, Zhujiang New Town. Mwaka 2007 kilibomolewa kizima. Sehemu ya ardhi yake iliuzwa kwa mnada kwa yuan bilioni 4.6, fedha hizo zikajenga maghorofa ya wanakijiji, na 2010 wakarudi. Nyumba zao za zamani hazipo tena. Lakini kumbi za koo zilijengwa upya kando ya mfereji, na mitumbwi ikapewa maji yake. Mtu anashuka kwa lifti kutoka ghorofa ya 30, anavua viatu, anaingia topeni na binamu zake.

Mbio si jambo kubwa kama mnavyodhani. Kubwa ni kutembeleana. Mtumbwi wa kijiji kimoja unapiga makasia hadi kijiji kingine, unapokewa kwa fataki na keki, halafu wote wanakaa kula wali wa mtumbwi wa joka, mamia ya meza. Kijiji cha Pantang, palepale Liwan, joka lake ni mtoto wa kulea wa joka mzee wa Yanbu, ng'ambo kule Foshan. Siku ya 5 mtoto anakwenda kumsalimu mzee, siku ya 6 mzee anarudisha ziara. Wamefanya hivyo zaidi ya miaka 400. Mashamba ya yungiyungi ya Pantang yamekwisha, mji umeyameza, wala hakuna mtoto wa kijiji anayejua kulima. Ziara ipo.

Shangazi, nijifunze Kimandarini au Kikanton? – Bila Muda

Kimandarini cha biashara na ofisi, Kikanton maneno 20 ya jirani. Julai 2010 lilipotolewa pendekezo televisheni ya jiji itumie zaidi Kimandarini, watu walikusanyika Jiangnanxi kupinga. Popo hakwenda popote, ila alikaa siku tatu mbele ya televisheni iliyozimwa, akiiangalia kwa hasira. Ujue unagusa nini unapomsalimia mzee asubuhi kwa "zou san" ya Kikanton badala ya "zaoshang hao" ya Kimandarini.

Shangazi, kwa nini miti mikubwa ya barabarani ina vibao vya namba? – Mpiga Picha

Ni miti mikongwe iliyoandikishwa, haikatwi ovyo. Mingi ni ya jamii ya mkuyu, ile yenye mizizi inayoning'inia kama ndevu, na chini yake ndipo unapochezwa mchezo wa sataranji ya Kichina. Mwaka 2021 jiji liling'oa na kukata miti mingi mno kwa jina la kupendezesha barabara, wakazi wakapiga kelele, na Desemba ya mwaka huo viongozi kadhaa wakaadhibiwa. Kwa mti!

Assalaam alaykum Shangazi. Nina Ijumaa moja tu Guangzhou. Niswali wapi, na kuna la kuona? – Msafiri

Wa alaykum salaam. Shuka Ximenkou, metro namba 1, utembee hadi barabara ya Guangta, kwenye msikiti wa Huaisheng. Guangta ni "mnara wa mwanga", ndio mnara wake wa mita 36, mweupe, mviringo, hauna nakshi hata moja. Inasimuliwa kwamba mabaharia walikuwa wakiutazamia kuingia bandarini; siku hizo mto ulikuwa karibu, leo umesogea mbali. Simulizi inasema msikiti ulianzishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas, wanahistoria wanalitilia shaka hilo. Lisilo na shaka ni kwamba enzi za nasaba ya Tang mtaa huo ulikuwa fanfang, mtaa wa wageni, Waarabu na Waajemi waliokuja kuuza na kununua. Sisi wa kontena si wa kwanza kupanga vyumba mji ule na kulalamikia kodi.

Ukipenda umati zaidi, nenda msikiti wa barabara ya Jiefang Bei, penye kaburi linalonasibishwa na Saad. Ijumaa nje ya lango wanachoma mishikaki ya kondoo. Fika mapema.

Shangazi, nakwenda Guangzhou mwezi wa tatu. Nataka nipite nione ile nyumba uliyokuwa unaitaja tangu zamani. Popo yupo? – Msomaji Wako wa Miaka Yote

Yupo, ana miaka 88. Nyumba ndiyo haipo kwake tena. Warithi walikubaliana mwishowe, ikauzwa, na sasa ni mgahawa wa kahawa, kikombe yuan 32, fedha iliyokuwa ikimtosha Popo chakula cha siku tatu. Shuka Changshou Lu uulize vichochoro vya nyuma ya Longjin. Wameuacha mlango kuwa pambo, hautelezi, umepigiwa misumari.

Uhesabu fito. Utapata 12, utasema Shangazi alidanganya habari ya witiri. Siku ya kuhama Popo alimwambia mwanawe alete msumeno akate mmoja. Sasa wanakaa Fangcun, ng'ambo ya mto, ghorofa ya 19, majirani hawajui kandambili za nani ni zipi, na ufito wa 13 ametundika kwenye roshani anaanikia nguo. Mpelekee machungwa. Ila mwezi wa tatu Guangzhou hata kuta zinatoka jasho, kwa hiyo jiandae kusikiliza habari ya soksi zake, zina siku nne hazijakauka.